Printa Ikikukaidi, Tafuta Ufunguo Kabla ya Kuita Fundi

MSOMAJI mpendwa, je, umewahi kufungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe? Kodi umelipa wewe, viti umenunua wewe, chakula kilicho jikoni ni chako, lakini umesimama mlangoni kama mgeni kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine aliyesafiri.

Hivyo ndivyo yalivyomfika dada yangu mkubwa Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa Juni. Tofauti ni kwamba mlango uliomfungia nje haukuwa wa mbao wala wa chuma. Ulikuwa ndani ya kompyuta.

Dada ana duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala karibu na steji ya magari mjini Voi. Nawe wajua jinsi siku za mwisho za Juni zilivyo hapa Kenya. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya wananchi kuwasilisha taarifa zao za ushuru, na aghalabu sisi Wakenya hukumbuka jambo hilo siku mbili kabla. Foleni ilikuwa imetoka dukani na kufika kwa muuza mahindi ya kuchoma.

Mnamo saa tano asubuhi, karatasi moja ilijikunja ndani ya printa. Msichana anayemsaidia dada aliichomoa, akarudisha kifuniko, akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Kimya. Alipojaribu kubonyeza mahali pa kuiamuru printa iendelee, kompyuta ilimtaka aandike neno la siri. Dada akaandika lake. Kompyuta ikalikataa.

Fundi wa jirani akaitwa. Aliitazama printa kwa dakika mbili, akatikisa kichwa na kusema kuwa kichwa cha printa kimekufa. Alitaka shilingi 4,500 na kwenda nayo hadi Jumatatu. Kijana mwingine aliyekuwa kwenye foleni akajitolea kwa shilingi 500 "kufungua kila kitu" ili kompyuta isiulize tena maswali.

Mwanawe dada, ambaye ndiye aliyeitengeneza kompyuta hiyo, yuko chuo kikuu huko Eldoret na simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa katika chumba cha mtihani. Basi dada akanipigia mimi, kwani anaamini kwamba mtu anayeandika gazetini anajua kila kitu.

"Mdogo wangu," aliniambia, na nikasikia sauti yake ikitetemeka, "duka ni langu, kodi nalipa mimi, na mashine nimenunua kwa jasho langu. Mbona inanitaka idhini ya mtoto niliyemzaa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini neno hilo "idhini" ndilo lililonifungua macho.

Haikuwa imekufa

Kompyuta ya dada inatumia mfumo uitwao Linux, wa aina ya Ubuntu. Mwanawe aliuchagua kwa sababu kompyuta yenyewe ni kuukuu, na mfumo huo hautozwi ada. Nami ninautumia nyumbani, na umewahi kunitoa jasho. Kwa hivyo nilimwomba dada anipe dakika kumi kabla ya fundi kuibeba printa.

Kwanza nilimtaka azime printa, aiwashe, kisha aiamuru itoe ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake yenyewe, bila kuigusa kompyuta. Ukurasa ukatoka, safi, wenye rangi zote. Naam, maiti haitembei! Kichwa kilichokufa hakiwezi kuchapa. Ugonjwa haukuwa kwenye printa.

Msomaji, hii ndiyo hatua ya kwanza na haikugharimu chochote. Kabla ya kumlipa mtu hata senti, hakikisha umeme upo, waya umeshika, karatasi na wino vipo, kisha iache printa ijichapie. Ikiweza, basi itafute shida kwingine.

Pili, nilimwambia afungue dirisha la kuandikia amri, lile wanaloliita Terminali, na aandike maneno haya:

lpstat -t

Amri hii haihitaji neno la siri la mtu yeyote. Kazi yake ni kueleza hali ya printa zote na foleni ya kazi zinazosubiri. Dada akanisomea kwa simu, herufi kwa herufi, na katikati akakuta neno "disabled". Maana yake ni kwamba foleni ya printa hiyo imesimamishwa. Karatasi ilipokwama, kompyuta iliona kazi imeshindikana, ikaifunga foleni na kungoja mwenye mamlaka aje aifungue.

Tatu, nikamwambia aandike neno moja tu:

groups

Hapo kompyuta humtajia mtu makundi yote aliyomo. Nilikuwa nikitega sikio nisikie neno "lpadmin". Dada alisoma, akamaliza, neno hilo halikuwemo. Tukawa tumeujua ugonjwa. Printa ilikuwa nzima. Kompyuta pia ilikuwa nzima. Ila mwenye duka hakuwa katika orodha ya wenye funguo.

Boma lenye milango mingi

Hebu nikueleze jambo hili polepole, kwa maana ukilielewa hutababaishwa tena.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Ufini. Aliijenga kwa kufuata mtindo wa mfumo mkongwe zaidi uitwao Unix, uliozaliwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Zama hizo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Ilibidi pawe na kanuni za nani aguse nini, ama sivyo mmoja angeweza kufuta kazi ya mwenzake.

Kanuni hizo zipo hadi leo. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, na kuna watu wengine wote waliobaki. Ni kama boma: kuna mwenye boma, kuna jamaa, na kuna wapita njia. Kila mmoja huambiwa kama anaweza kusoma, kubadilisha au kuendesha kilichomo.

Kwa upande wa kuchapa, Linux ina karani wake aitwaye CUPS. Aliyemtunga ni Michael Sweet wa Marekani, na alitolewa kwa umma mwaka wa 1999. Kampuni ya Apple ilimwona kuwa anafaa, ikaanza kumtumia katika kompyuta zake za Mac na mwaka wa 2007 ikainunua programu yenyewe.

Karani huyu ana desturi zake. Kwa kawaida, mtumiaji yeyote wa kompyuta anaweza kumletea karatasi na akasema "nichapie". Mtu aweza pia kuifuta kazi yake mwenyewe. Lakini kuongeza printa mpya, kuisimamisha foleni au kuifungua iliyosimama, hilo huachiwa kundi la wasimamizi. Katika Ubuntu na jamaa yake Debian, kundi hilo ndilo lile lpadmin. Katika Linux za ukoo mwingine, huenda ukakuta majina kama sys au wheel yakifanya kazi hiyo.

Mtu wa kwanza kufungua akaunti wakati Ubuntu inapowekwa huingizwa moja kwa moja miongoni mwa wasimamizi. Wanaofuata huwa watumiaji wa kawaida, isipokuwa mtu aamue vingine. Dukani kwa dada, wa kwanza alikuwa kijana. Mama mtu alikuja wa pili.

Kwa miezi tisa hakuna aliyeligundua hilo, kwa sababu karatasi zilikuwa zikitoka. Mtu hajui kuwa hana ufunguo mpaka siku mlango ukijifunga.

Usivunje mlango

Sasa turudi kwa yule kijana wa shilingi 500. Dada alitaka sana kumkubalia. Foleni ilikuwa ikinung'unika na wateja wawili walikuwa wameshaondoka. Nilimsihi asithubutu.

Najua alichotaka kufanya. Kuna watu ambao kila wakutanapo na kizuizi katika Linux huandika amri ya "chmod 777" juu ya kila faili, yaani kila mtu asome, abadilishe na aendeshe. Wengine huona ni rahisi kufanya kazi zote kwa akaunti ya mkuu wa mfumo, ile iitwayo root. Ni sawa na mtu aliyepoteza ufunguo, akang'oa mlango wote na kulala hivyo hivyo.

Tena jiulize, dukani mle mna nini? Wateja wa dada huleta vitambulisho vyao vitolewe nakala. Huchapa barua za kazi, vyeti vya watoto, karatasi za hospitali na namba zao za ushuru. Kila kitu kinachotumwa kwa printa hukaa kwa muda katika ghala la karani, ndani ya kabati iitwayo /var/spool/cups. Kabati hiyo imefungwa kusudi ili mtumiaji wa kawaida asichungulie karatasi za mwenzake. Kuifungulia kila mtu ni kuzianika siri za watu uwanjani. Na sheria yetu ya kulinda data ya watu, iliyopitishwa mwaka wa 2019, haimsamehi mwenye duka kwa kuwa tu alikuwa na haraka.

Dawa ni ndogo mno. Mpe mtu anayestahili ufunguo wa chumba anachokihitaji, basi.

Nilimwomba dada awaombe radhi wateja, awapeleke kwa jirani, na asubiri mtihani uishe. Alikubali kwa shingo upande. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisema yeye haendi popote. Akaketi juu ya kreti ya soda akafungua gazeti.

Funguo zarudi nyumbani

Saa kumi na dakika chache simu ya kijana ikawashwa. Mama yake alikuwa wa kwanza kumfikia, na sitaki kurudia yote aliyomwambia. Kisha wakaniunganisha.

"Mama mdogo, sikukusudia," kijana alisema. "Niliogopa mtu wa dukani asije akafuta kitu kwa bahati mbaya. Nilitaka kuilinda kazi ya mama."

Nilimwamini. Alikuwa amefunga mlango vizuri kabisa. Alichosahau ni kumwachia mama ufunguo.

Ilibidi dada aingie kwa akaunti ya kijana, kwa neno la siri alilotajiwa kwa simu. Halafu akaandika amri hii, mwishoni akiweka jina la akaunti yake mwenyewe, ambalo ni "mama":

sudo usermod -aG lpadmin mama

Tafadhali ichunge ile herufi "a" ndogo iliyotangulia G. Ndiyo inayosema "ongeza". Ukiisahau, mtu huingizwa katika kundi jipya lakini huondolewa katika yale mengine ya ziada aliyokuwemo, na ukawa umetibu jicho kwa kutoboa sikio.

Kisha atoke kabisa katika akaunti na kuingia upya kwa jina lake. Wengi hukwama hapa. Wanatoa amri sahihi, wanaandika "groups" papo hapo, hawalioni kundi jipya, wanakata tamaa. Kompyuta huhesabu makundi ya mtu wakati anapoingia. Usipotoka na kurudi, bado inakuona kama ulivyokuwa asubuhi.

Aliporudi, dada aliandika "groups" na akaliona neno lpadmin mbele ya macho yake. Akaandika amri ya kuifungua foleni, pamoja na jina la printa kama lilivyoonyeshwa na lpstat. Kijana alikuwa ameiita Duka:

cupsenable Duka

Asiyependa kuandika amri anaweza kufungua dirisha la intaneti, lile la kusomea tovuti, na kuandika localhost:631. Hata kama hakuna intaneti, ukurasa wa karani hufunguka, maana umo ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Hapo utaona printa zako na vitufe vya kuzisimamia. Ukiingiza jina na neno lako la siri kisha ukajibiwa "Forbidden", yaani marufuku, jua kwamba ugonjwa ni ule ule wa dada.

Printa ikanguruma. Mwalimu mstaafu akasimama. Na hapa, msomaji, kuna kosa ambalo ni langu mimi, wala sitamsingizia mtu.

Nilisahau kwamba tangu saa tano watu walikuwa wakibonyeza na kubonyeza. Kila mbonyezo ulikuwa umehifadhiwa. Karatasi zilianza kumwagika: taarifa ile ile ya ushuru mara sita, barua ya kuomba kazi mara nne, nakala za vitambulisho vya watu waliokwisha kwenda zao. Dada alihesabu kurasa 37. Ilimbidi azichane zote vipande vidogo vidogo, moja moja, kwa sababu zilikuwa na namba za watu.

Lau ningekumbuka, ningemwambia kabla ya kuifungua foleni aisafishe kwanza kwa amri hii:

cancel -a

Kisha kila mteja aliyepo achapiwe upya. Usifanye kosa nililolifanya.

Kama si hilo

Huenda kwako mambo yakawa tofauti kidogo. Ikiwa printa inamchapia mtu mmoja na kumkatalia mwingine katika kompyuta hiyo hiyo, huenda printa yenyewe imewekewa orodha ya wanaoruhusiwa. Msimamizi anaweza kuiondoa orodha hiyo kwa kuandika:

lpadmin -p Duka -u allow:all

Badala ya Duka, weka jina la printa yako.

Ikiwa lpstat inasema printa imewashwa lakini haipokei kazi mpya, amri ni cupsaccept ikifuatwa na jina la printa. Na ikiwa yote hayo yameshindikana, karani ana daftari lake la malalamiko katika /var/log/cups/error_log. Msimamizi anaweza kulisoma. Mpe fundi daftari hilo, umtazame kama analisoma au anakimbilia bisibisi. Hapo utajua ni fundi wa aina gani.

Wala usifanye kila mtu wa nyumbani kuwa msimamizi wa kompyuta nzima kwa sababu ya printa tu. Aliye katika lpadmin anashika ufunguo wa chumba cha kuchapia. Hawezi kwa ufunguo huo pekee kuweka programu mpya wala kufuta akaunti ya mtu.

Bahasha ya dada

Kuna kisa cha zamani ninachokipenda. Karibu na mwaka wa 1980, Richard Stallman alikuwa mtunzi wa programu katika chuo cha MIT huko Marekani. Maabara yao ilipewa printa mpya ya Xerox, iliyokuwa ikikwama kwama. Printa ya awali aliweza kuirekebishia programu ili iwajulishe watu karatasi inapokwama. Alipotaka kufanya hivyo kwa mpya, alinyimwa maandishi ya programu yake. Jambo hilo lilimkera asilisahau, na mwaka wa 1983 alitangaza mradi wa GNU wa kutunga programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuungana na ya Torvalds.

Kwa hivyo hata mfumo huu ulio dukani Voi, kwa kiasi fulani, una asili katika mtu aliyekataa kuwa mgeni mbele ya printa. Na jina Ubuntu lenyewe, ambalo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliupa mfumo wake mwaka wa 2004, sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Ni utu.

Utu huo unatudai jambo. Katika nyumba nyingi na maduka mengi, kuna mtu mmoja aliyeitengeneza kompyuta: kijana, mume, mpwa au mfanyakazi. Siku moja atasafiri, ataacha kazi, au, Mungu apishe mbali, atafariki. Kifo hakibishi hodi. Je, waliobaki watafungua vipi? Kama wewe ndiye uliyeshika funguo, sema leo. Kama wewe ndiye mwenye mali, uliza leo, tena bila aibu.

Siku ile ile, dada alimfanya kijana abadilishe lile neno la siri lililotajwa kwa simu, jambo linalofanywa kwa amri ya "passwd". Lile jipya liliandikwa kwenye karatasi pamoja na zile amri chache, likatiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungiwa kwenye sanduku la pesa. Juu yake dada ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ya siku ya shida."

Mwalimu mstaafu alipata karatasi yake saa kumi na moja unusu. Alilipa shilingi kumi, akamrudishia dada kreti yake ya soda na kumwambia kwamba mwakani atakuja mapema.

Nawe, mpendwa, kabla jua la leo halijatua, kaa mbele ya kompyuta ya nyumbani kwenu na uandike lile neno moja, "groups". Usipoliona jina la kundi lenye ufunguo, mtafute aliye nao wakati mambo bado ni shwari. Jumapili njema.